Siku Tuliyochomoa Waya wa Seva

Hospitali niliyokuwa nafanyia kazi Mbagala ilikuwa na seva tatu tu, yaani kompyuta kubwa za kuendeshea mifumo, lakini ndani yake zilikaa mashine pepe karibu ishirini, zisizoshikika kwa mkono: ya mafaili ya wagonjwa, ya maabara, ya duka la dawa. Programu moja ndiyo iliyozigawa seva hizo, kila mashine ikajiona ina seva yake. Mwaka ule wenye programu wakabadilisha masharti ya leseni. Tukaambiwa tuchague: tubaki nao, au tuhamie programu nyingine ya bure.

Mie nilishaamua kabla ya kuanza. Ile ya leseni nilikuwa na cheti chake, nimekitundika sebuleni. Mkuu wa kitengo chetu, mama wa Kingoni aliyebakiza miezi michache astaafu, aliisoma ripoti yangu ya kuipendekeza akanirudishia.

"Mwanangu, haya umenakili kwenye vipeperushi vyao. Tuzijaribu zote mbili. Halafu tuchomoe waya, tuone."

Tukaunganisha seva tatu kuukuu zilizokuwa stoo. Wiki ya kwanza nikaweka ile ya leseni. Mama akamwita muuguzi wa mapokezi ashuhudie, maana mfumo ukigoma yeye ndiye anayesemwa na wagonjwa. Nikachomoa waya wa seva moja. Mashine zilizokuwa humo zikazimika, kisha zikawaka upya kwenye seva mbili zilizobaki. Muuguzi akapiga makofi.

Wiki ya pili ikawa zamu ya ile ya bure. Nikachomoa waya, tukasubiri. Hakuna mashine iliyowaka. Nisiseme uongo, moyoni nilifurahi.

Muuguzi alipoondoka, mama akaniuliza taratibu, macho yakiwa bado kwenye kompyuta, "Hii umeiandaa kama ulivyoiandaa ile?"

Sikuwa nimeiandaa. Kwenye ile ya kwanza niliorodhesha mashine zote zinazotakiwa kuhamia seva nyingine moja ikifa. Kwenye hii niliiruka hatua hiyo. Nilijiambia nitairudia, huku najua sitairudia. 

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Nimekusikia. Kesho iandae, keshokutwa tutachomoa tena."

Basi. Kwa mkurugenzi hakunipeleka.

Safari hii mashine zote ziliwaka. Zilichelewa kidogo kuliko za ile nyingine, na ukikwama hakuna wa kumpigia simu, unasoma mwenyewe mpaka uelewe. Lakini seva zetu za zamani iliziweza, na leseni haikutuhusu tena. Niliandika yote, mazuri na mabaya ya kila upande, nikapendekeza ile ya bure. Ilikuwa ripoti ya kwanza niliyoikabidhi bila wasiwasi.

Miezi kadhaa baada ya kuhamia, asubuhi wagonjwa wamejaa, seva moja ikafa kweli. Nikakimbia hadi mapokezi, nikamkuta muuguzi anamwandikisha bibi mmoja.

"Mfumo uliganda kidogo," akasema, "ukarudi."

Mama alikuwa ameshastaafu, yuko kwake Boko anafuga kuku. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsimulia, akacheka kwa furaha. Nikamshukuru kwa yote, na hasa kwa kunisitiri. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakunisemea kwa mkurugenzi.

"Ningekusemea nini?" akajibu. "Nilikuuliza, ukaniambia ukweli. Hebu ngoja, kuku wameingia kwenye mchicha."