Vyuma vya Ubavuni vya Gregori

Mwishehe ana mkono wa kulia wenye madoa ya moto mpaka kiwikoni, na ukimuuliza yametokana na nini atakwambia ni mapambo. Mzaramo wa Buza huyo, hana jibu la maana kwa swali la maana. Miaka ishirini na mbili amechomelea mageti, madirisha na majiko, na tangu magari ya milimani yaongezeke mjini amejifunza pia kutengeneza vyuma vya ubavuni: yale mabomba mazito yanayokaa chini ya milango, kushoto na kulia, ili gari likilalia mawe kiumie chuma, siyo bodi. Kazi hiyo anaijua. Kilichomponza ni mdomo.

Gregori alikuwa mteja wake na mtani wake. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za wapagazi. Hakuna neno baya ambalo mmoja hawezi kumwambia mwenzake, wala mwenye haki ya kununa. Miaka tisa salamu yao ilikuwa matusi. Mwishehe akimwona Gregori anashuka garini humuuliza kama bado hajafa tu. Gregori hujibu kwamba anamsubiri Mzaramo atangulie akamfagilie njia. Wanacheka, chai inaagizwa. Wahenga wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani angewaonya watani kwa methali hiyo, na utani wenyewe ni heshima?

Jumatatu moja Gregori akaja na gari, jipya kwake, kuukuu kwa wengine: mkonga mweupe, lile gari refu lenye bomba la kupumulia kando ya kioo. Alikuwa amelinunua kwa mtu wa Kawe aliyelitumia miaka mingi kuvutia boti kutoka baharini. Alhamisi alitakiwa kuwapandisha watafiti wa misitu mpaka Kolero, milima ya Uluguru, njia ya mawe matupu. Alitaka vyuma vya ubavuni, tena vya kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi.

"Vya bolti sitaki, mtani. Bolti zinalegea. Mie nataka kitu kinachokaa mpaka Yesu arudi."

Mwishehe akatandika boksi, akaingia chini ya gari na nyundo yake ndogo. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa. Rangi mpya kwenye mifupa ya gari kuukuu haimfurahishi fundi mwenye akili. Akaanza kugonga kutoka mbele. Chuma kizima kinaitikia, na mbele kote kiliitikia vizuri. Alipokaribia gurudumu la nyuma la kulia nyundo ikatoa sauti ya kubisha hodi kwenye boksi. Akachukua bisibisi, akakwangua rangi, akasukuma. Bisibisi ikaingia nusu yake. Chumvi ilikuwa imekula ndani, ikaacha ganda. Mwishehe alilala pale ameishika ile bisibisi, na akaogopa.

Akatoka akijifuta. "Gregori, gari hili litakuua."

"Umeanza," Gregori akasema, akicheka.

"Sitanii."

"Mzaramo asiyetania si ameshakufa?"

Mwishehe alijaribu kuongea taratibu, kama anavyoongea na wateja wasiomjua. Akamweleza kwamba kazi sahihi ni kukata sehemu iliyooza na kuweka chuma kipya, wiki mbili. Kama hana wiki mbili, basi wafunge kwa bolti, na vipande vya bati nene vikiikumbatia chesisi kule mbele ilikokuwa nzima, mbali na ule uozo.

"Bolti ikizidiwa inagonga," alisema. "Unaisikia, unasimama, unakaza. Weldi haikwambii kitu. Inanyamaza tu, siku ikiondoka inaondoka na chuma ilichoshikia."

"Wiki mbili nikae kwako unilishe pweza?"

"Wallahi naapa."

"Mzaramo akiapa hapo ndo anaongopa vizuri."

Akamburuta aone. Gregori akainama, akaona lile tundu, akatikisa kichwa. Kutu kila gari la Dar linayo, alisema, piga kiraka twende. Mwishehe akamwita Nassibu, mpaka rangi wa kibanda cha jirani, ambaye si mtu wa mizaha kabisa. Nassibu akaingia chini, akakaa muda, akatoka bila tabasamu.

"Braza, liuze," akasema.

Lakini Nassibu naye ni Mzaramo, wa Mbagala. Gregori akapiga makofi. "Mmepanga nyie. Mmepanga tangu asubuhi."

Hapo Mwishehe akapandwa na hasira, na hasira kwa mtani haina pa kwenda. Ukikasirika umeshindwa, na wapita njia walikuwa wameshaanza kusimama, wanacheka na Gregori. Gregori akatoa funguo mfukoni, akasema kama Mwishehe ameishiwa nguvu, Tandika mafundi wamejaa.

Mwishehe akapiga hesabu yake ya kijinga. Fundi wa Tandika hatagonga na nyundo, atachomelea popote. Yeye Mwishehe atatafuta penye nafuu, ataweka kiraka kipana. Bora niue mimi kidogo kuliko yule aue kabisa. Hivyo ndivyo alivyowaza, japo wakati ule hakuyapanga maneno namna hiyo.

"Haya," akasema. "Nakuchomelea, ukafie mbele."

Gregori hakuwahi kucheka vile miaka yote tisa.

Kazi ilichukua siku mbili. Upande wa kushoto ulikubali. Upande wa kulia, kila alipogusa moto chuma kiliyeyuka na kukimbia, na cheche zikaingia ndani ya chesisi zikatokea tundu jingine, mbali. Akaweka bati juu ya uozo, akachomelea bati juu ya bati, bomba likakaa. Alipomaliza palionekana pabaya, pana manundu. Akachukua brashi, akapaka rangi nyeusi mwenyewe.

Alhamisi alfajiri gari likaondoka. Mwishehe hakufungua kibanda siku ile. Alimwambia mkewe ana homa. Ijumaa aliswali, akakaa na simu mkononi. Jumamosi Nassibu akaja kwa miguu, na kwa jinsi alivyovua kofia kabla hajafika mlangoni, Mwishehe akajua.

Kwenye mwinuko mmoja kabla ya Kolero watafiti walikuwa wameshuka ili gari liwe jepesi. Gurudumu la kulia likateleza, gari likakalia jiwe kwa chuma cha ubavuni, kama lilivyotakiwa kukaa. Chesisi ikachanika kwenye kiraka. Nyuma ikabaki, mbele ikaenda bondeni na Gregori ndani yake.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake, palepale Buza, turubai limefungwa mpaka barabarani. Anastasia, mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka amejifunika khanga usoni. Tangu jana hajala. Ferdinand, kaka mkubwa wa marehemu aliyesafiri usiku kucha kutoka Tabora, akasimama.

"Mtani wa marehemu yuko wapi? Aje afanye kazi yake ya kuchekesha msiba, watu wapumue."

Watu wakampisha. Mwishehe akaenda mbele. Alikuwa ameshaamua.

"Mie ndiye niliyemuua," akasema.

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa wanawake.

"Chesisi ilikuwa imeoza. Niliiona kwa macho yangu. Nikachomelea, nikapaka rangi juu."

Wakacheka zaidi. Mama mmoja akajipiga paja, akasema hao ndio Wazaramo, hata maiti hawaionei haya.

"Jamani, nasema kweli."

Turubai zima likaangua kicheko. Anastasia akashusha khanga usoni, akacheka mpaka akajishika mbavu, machozi yakimtiririka, kisha akaomba uji. Dada zake wakakimbilia jikoni. Ferdinand akamshika Mwishehe mabega.

"Asante, mtani. Umetusaidia sana."

Wakamletea kiti na sahani ya wali. Akala, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama.