Kikombe cha Mkwe Wangu wa Buswahili

Nimekosa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Naandika bila jina kwa sababu hapa Musoma tunajuana, ila kunyamaza nako kumenishinda.

Mwanangu alioa binti wa Kikristo kutoka Buswahili, kule Butiama. Binti alisilimu kwa hiari yake, akaja kuishi kwangu, akanizalia mjukuu. Nilimpenda. Shida yangu ilikuwa baba yake.

Mzee alikuwa mkulima, mtu wa kanisani, na jioni hakukosa kapombe kake. Kila akija kututembelea alileta kuku mzima, miguu imefungwa, kwa kuwa alijua hatuli nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Alituambia tuchinje wenyewe ili tule kwa amani. Na mimi, jamani, nikamtengea kikombe! Cha bati, chenye maua mekundu, kinakaa peke yake rafu ya juu kisije kikachanganyika na vya kwetu. Kukiosha ilikuwa kazi ya binti yake. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Mwaka huu mzee akafa ghafla, akiwa shambani. Simu ilipoingia, binti alianguka pale sebuleni. Nilimshika, nikamfariji vizuri tu, mpaka aliponiuliza, "Mama, baba atakuwa wapi sasa?"

Ningesema Mungu ndiye ajuaye, ningepungukiwa nini? Lakini nilikuwa nimesikiliza mawaidha mengi ya kwenye simu, nikajiona najua. Tena niliogopa nikilegea atarudi kanisani. Nikamwambia, "Tusidanganyane, mwanangu. Baba yako hakusilimu. Huyo ni wa motoni."

Hakulia tena mbele yangu. Akafunga mizigo ya msibani, akambeba mtoto, na mpaka leo hajarudi. Mwanangu alimfuata. Mkewe akamwambia kwamba bado anaswali, bado ni mke wake, ila hawezi kumlea mtoto kwenye nyumba ambayo babu yake ameshahukumiwa.

Nikaenda kwa ustadhi wa msikiti wetu nikitegemea anitetee. Nilimweleza yote, hata habari ya kikombe. Akasema kufundisha njia ya uongofu ni wajibu wetu, lakini kumshika mtu kwa jina lake na kumpangia pepo au moto si kazi yetu. Hatujui alikufa na nini moyoni, wala hatujui dini ilimfikiaje. Kisha akaniuliza, "Huyo mzee, Uislamu aliuona wapi?"

Niliona aibu, ndugu zangu. Aliuona kwangu.

Nikapanda gari mpaka Buswahili kuomba radhi. Mjane alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa kiti, akamwita binti yake alete chai. Tukiwa tunasubiri akaniambia, "Mzee alikuwaga anakusifu sana, mkwe. Akirudi kutoka Musoma anatuambiaga, kule nina kikombe changu, hakuna mwingine anakigusaga. Hao watu wananiheshimu."

Binti alikuwa ameshafika na sinia. Alinitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akikiosha, alijua kila kitu, na hakumwambia baba yake. Akanimiminia chai kwenye kikombe kama vyao wenyewe.

Nikakiweka kikombe chini. Nilimwomba msamaha nikilia, akasema amenisamehe. Kuhusu kurudi, alisema bado.

Waislamu wenzangu, fundisheni dini, waombeeni watu uongofu wangali hai, na mkae nao vizuri. Ila aliyekufa mwachieni aliyemuumba. Msithubutu kumjibu mtu aliyefiwa swali ambalo majibu yake hamjapewa!

Mimi nilimtia mtu motoni kwa ulimi wangu, na sasa mwenye hofu ni mimi. Maana siku ya Kiyama mzee akiulizwa habari zangu, atasema nilimheshimu.