Sarafu Isiyoguswa

Mwalimu wa udereva waliyemwita Breki alikuwa mtu wa tahadhari. Jina alipewa na wanafunzi wake, kwani kila walipogusa mafuta, yeye aligusa breki. Hata barabara ikiwa tupu, aliangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Lakini siku aliyoingia duka la dhahabu hakuangalia popote.

Wazo lenyewe alilipata kwenye simu. Video moja ilimwambia pesa za karatasi zinayeyuka, nyingine ikamwambia wenye akili wananunua dhahabu. Wiki haijaisha, akawa anasema "sisi wawekezaji".

Mkewe, muuza mapazia, alimuuliza jambo moja tu.

"Ukitaka kuiuza, watainunua kwa bei gani?"

"Mama watoto, mtu haendi kuoa huku anaulizia talaka."

"Mimi sinunui jora kabla sijajua nani atalichukua," alisema mkewe, akaendelea kushona.

Dukani kulikuwa na kiyoyozi na kiti laini. Muuzaji alianza na kipande kidogo cha dhahabu kisicho na nakshi, bei yake imezidi thamani ya uzito wake kidogo tu. Breki alikiona kama kisabuni cha hotelini. Jicho lake likatua kwenye sarafu yenye picha ya tai, ndani ya kifuniko cha plastiki, ndani ya kiboksi chekundu cha mahameli, pamoja na cheti.

"Hiyo ni ya wakusanyaji, mzee. Tangu itoke kiwandani haijaguswa na mkono wa mtu."

Bei ilikuwa karibu mara mbili ya dhahabu iliyomo. Breki hakuuliza kwa nini. Alilipa kwa haraka, kama anayeogopa kupitwa.

Jumapili mama mkwe alikuja kuwasalimu. Breki akamfungulia kiboksi, akaanza mhadhara. Mama mkwe hakuusubiri umalizike. Aliitoa sarafu kwenye plastiki.

"Umeipima, mwanangu?"

"Ina cheti, Mama."

"Hata mimi cheti changu cha kuzaliwa kinasema nina miaka hamsini."

Akaing'ata. Meno yake yalikuwa bado ya kwake mwenyewe, na dhahabu safi ni laini. Alama ikabaki shingoni mwa tai.

"Ni yenyewe. Hongera, baba."

Nani atamkemea mama mkwe? Breki alimshukuru. Mgeni alipoondoka, akaisugua sarafu kwa dawa ya meno ili kuifuta ile alama. Alama ikabaki, mng'ao ukaondoka.

Kesho yake alirudi dukani kuwauzia. Muuzaji aliigeuza sarafu kwa ncha za vidole.

"Pole, mzee. Sasa hii ni dhahabu tu."

"Kwani mwanzo ilikuwa nini?"

"Mwanzo ilikuwa haijaguswa. Na hata ingebaki hivyo, sisi tunauza tu. Wa kuinunua, ungetafuta mkusanyaji."

Sonara wa mtaa wa pili aliipima, akamtajia bei ya uzito. Ilikuwa nusu ya aliyolipa. Wahenga walisema si kila king'aacho ni dhahabu. Kuhusu dhahabu halisi iliyonunuliwa kipumbavu, walinyamaza. Breki aliirudisha mfukoni bila kuiuza, akatembea hadi nyumbani.

Alipojaliwa akiba nyingine, mkewe ndiye aliyetangulia. Kila duka aliuliza mambo yale yale: leo gramu ni bei gani, ninyi mnaongeza kiasi gani, nikirudi mtainunua kwa ngapi, na kwenye risiti mtaandika uzito na usafi wake? Kisha akasema, "Ahsante, tutarudi." Breki alimfuata nyuma, amembebea mkoba, kimya kama mwari. Duka la tatu lilijibu vizuri. Wakanunua kipande kidogo, wakakipeleka moja kwa moja kuhifadhiwa benki.

"Na usimwambie mtu," alisema mkewe.

Hilo ndilo lililomtesa. Alivumilia mpaka Jumanne. Mwanafunzi alipokuwa akirudi nyuma kwa shida baina ya nguzo mbili, Breki alikohoa, akamuuliza kama amewahi kuifikiria dhahabu.