Nilivyotengeneza shada la Krismasi kwa mashati ya mume wangu aliyefukiwa Buhemba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naandika, na haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Natumia simu, makosa ya kuandika mtanivumilia.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi Iringo hapa Musoma, naishi Makoko. Mume wangu, nitamwita Mafuru, alikuwa mchimbaji mdogo kule Buhemba. Alikuwaga anakaa machimboni wiki kadhaa, halafu anarudi. Ila Krismasi haikuwahi kumkuta nje ya nyumba yake.

Mwaka jana mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa nzito. Shimo alilokuwemo likatitia. Wenzake waliokuwa karibu na juu walivutwa wakiwa hai. Yeye alikuwa chini kabisa.

Nilipofika walikuwa bado wanachimba. Baadaye ukaja mtambo. Kila wakitoa udongo, unashuka mwingine na maji. Mwisho wakasema wakiendelea watafukiwa na wao. Wakaziba juu, wakaweka matawi ya miiba watu wasipite.

Mwili hatukuupata. Mpaka leo.

Mliofiwa mkazika, naomba mnielewe hapa. Hakuna jeneza, hakuna kaburi, hakuna saa ambayo mtu anakwambia sasa ni msiba. Watu walikuja Makoko wakakaa chini ya turubai, na wengi hawakujua waseme pole ya msiba au pole ya matatizo.

Mama mkwe wangu anaishi kijijini upande wa Bunda, ni mjane, analima pamba. Alipofika alikataa kulia. Akasema mbele ya watu wote, "Mimi sijaona mwili. Mtu sijamuona, namliliaje?"

Wanawake wa kanisani walipoanza nyimbo za msiba, aliwanyamazisha.

Shemeji yangu Masatu, kaka yake Mafuru, akajaribu. "Mama, pale hakuna anayetoka."

Akamjibu, "Wewe ulishuka ukaona?"

Kabla ya kurudi kwake aliingia chumbani kwangu, akafungua kabati, akashika mashati ya mwanae moja moja. Akaniambia, "Mama Neema, hizi nguo zikae hivi hivi. Akirudi atavaa nini?"

Nikasema sawa, Mama.

Kwetu nguo za marehemu ndugu wanagawana siku ya kumaliza msiba. Sasa huu haukumalizwa, maana haukuanza. Kabati likabaki vile. Kila nikifungua kuchukua kanga, nakutana na harufu yake.

Desemba ikafika. Kazini nilikuwa na oda za mashada ya vitambaa ya kutundika mlangoni, wateja wanayaona kwenye simu wanakuja kuomba. Kwa wasiojua, unachukua hanga ya waya unaikunja iwe duara. Unakata kitambaa vipande vya urefu wa kidole, unavifunga fundo kimoja kimoja, unavibananisha mpaka waya usionekane. Hata cherehani huigusi.

Neema, binti yetu wa darasa la tatu, akaniuliza, "Mama, mbona sisi hatuweki?"

Nikamwambia tutaweka. Sikujua nasema nini.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nikafungua kabati nikayatoa mashati yake. La kijani la kanisani. La bluu. Na jekundu la drafti alilokuwa anavaa machimboni, lililorudi kwenye begi lake. Hilo nilililoweka kwanza. Maji yakawa kama uji wa mtama. Nikamwaga, nikaweka mengine, hivyo hivyo. Nikaacha, nikalianika na udongo wake.

Niliweka mkasi kwenye kola, nikautoa. Nikakaa. Halafu nikakata.

Kule shimoni sikulia. Kwenye turubai sikulia, nilimwogopa mama mkwe. Nililia hapo. Nafunga fundo, nalia, nafunga lingine.

Neema akaja akakaa karibu yangu. Aliangalia muda, akauliza, "Baba harudi, eti?"

Nilikuwa sijawahi kumwambia. Nikasema, "Harudi, mwanangu."

Hakulia. Akachukua kitambaa akafunga fundo lake, likalegea, nikamkazia.

Shada lilitoka kubwa, zito. Nikalitundika mlangoni. Jirani mmoja alipita akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwili umepatikana. Si ajabu, huku ukisema shada watu wanajua la kaburini. Nikamwambia hapana, ni la Krismasi. Akalitazama tena, akayatambua yale mashati. Akasema, "Pole sana kwa msiba, dada." Alikuwa wa kwanza kulitamka neno hilo bila kusitasita.

Mkesha wa Krismasi, mchana, bajaji ikasimama nje. Mama mkwe akashuka na jogoo ndani ya kapu na mfuko wa karanga.

Hakuwa amenipa taarifa. Lakini nilielewa palepale. Alikuja kumsubiri mwanae, kwa sababu Krismasi alikuwaga anarudi.

Alifika mlangoni akasimama. Mimi nilikuwa kizingitini. Alinyoosha mkono akashika kitambaa cha kijani, akakisugua kwa vidole. Alilijua lile shati, yeye ndiye alimnunulia mnadani.

"Umelikata," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na hili jekundu."

"Na hilo, Mama."

Nilisubiri anipige, na kusema kweli nisingekwepa. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo wewe umeshamzika?"

"Nimemzika, Mama. Kusubiri kumenishinda."

"Umemzika mwanangu bila kuniita."

Akakaa chini pale pale barazani. Ikamtoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Majirani wakatoka. Wanawake wa kanisani wakaja, wakaanza kuimba kwa woga, na safari hii hakuwanyamazisha. Mimi nilikaa naye chini. Hakunishika mkono, lakini hakunifukuza.

Krismasi hiyo haikuwa na pilau. Yule jogoo walikula waombolezaji.

Siku iliyofuata alilitoa shada mlangoni kwa mikono yake, akalifunga ndani ya kitenge. Akasema, "Nimepewa hiki. Nakwenda nacho nyumbani."

Tukaenda wote Bunda. Masatu alichimba kaburi pembeni ya kaburi la baba yao. Alilichimba urefu wa mtu mzima, ingawa cha kuzikwa kilikuwa kinaenea mikononi. Mzee mmoja wa ukoo akapinga, akasema, "Sisi hatuzikagi vitambaa."

Mama mkwe akamjibu, "Basi niletee mwanangu nimzike yeye."

Mzee akavua kofia. Katekista akasali. Mama mkwe akalishusha mwenyewe, amepiga magoti ukingoni, mpaka Masatu ikabidi amshike kiunoni asidondoke. Neema akatupia udongo, mimi nikatupia.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Mwaka huu hakupanda pamba. Amekonda. Na mimi bado hajaniambia kama amenisamehe, na sijamuuliza. Ila zamani akinipigia simu, neno la kwanza lilikuwa "Hajafika?" Siku hizi anauliza Neema amekula nini.

Nilichojifunza wakuu, mwili usipoonekana kila mtu anafiwa siku yake. Huwezi kumvuta mwenzako afiwe siku uliyofiwa wewe. Mimi nilifiwa nikiwa na mkasi mkononi. Yeye alifiwa mlangoni kwangu, amebeba jogoo wa kumchinjia mwanae.

Krismasi nyingine inakaribia na Neema ameshaniuliza kama tutatengeneza shada tena. Sijamjibu.

Kama kuna humu aliyepotelewa na mtu wake ziwani au machimboni na hakumuona mpaka leo, aniambie yeye nyumbani kwake walifanyaje. Hata maneno mawili yanatosha, nitayasoma.