Miti ya Paa la Bibi

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya nilikuwa nimemaliza darasa la saba na siwezi kutulia mahali pamoja. Nikitembea naota: barabara imenyooka hivi, nyumba zimepangwa hivi, na mimi nimeshika karatasi. Kwa hiyo balozi wetu wa nyumba kumi aliponiambia, "Binti, mwandiko wako unasomeka, tupangie zamu ya kuezeka," nilifurahi hadi nikasahau kumwitikia.

Kuta za udongo zilikuwa zimesimama tayari. Kilichokosekana ni miti ya paa. Paa la tembe, nyumba zetu za asili, ni bapa na la udongo, udongo ni mzito, na miti migumu ya kuubeba ilikuwa bado juu ya nyumba zetu za zamani, mwendo wa saa mbili. Hakuna aliyekubali kubomoa anakolala kabla hajapata pa kuhamia. Mvua zilikaribia, na bibi yangu niliyeishi naye alikuwa na kifua kibovu. Nilitaka awe chini ya paa jipya kabla ya tone la kwanza.

Nikapanga nyumba nne za kwetu. Bibi ataezekewa kwa miti ya mjomba. Mjomba kwa miti ya mjane jirani yetu, mpika pombe ya mtama. Mjane kwa miti ya mzee mwenye punda. Mzee kwa miti ya bibi. Mtu akishahamia, nyumba yake ya zamani inabomolewa, miti inakwenda kwa mwenzake. Hakuna atakayelala nje hata siku moja. Balozi aliibandika karatasi mlangoni kwake kwa uji.

Wiki ikapita. Hakuna mti hata mmoja ulioshuka. Nikaanza kuzunguka.

Mjomba nilimkuta anasokota kamba. "Shikamoo mjomba. Mbona hujabomoa?"

"Marahaba. Nibomoe nilale wapi na watoto sita? Karatasi yako inasema nimngoje mjane."

Mjane alikuwa anachuja pombe. "Mimi mzee wa punda akinipa miti, kesho hiyo hiyo natoka. Kamuulize yeye, usinitolee macho."

Mzee wa punda alianza kucheka kabla sijamaliza shikamoo. "Mimi namsubiri bibi yako. Nenda ukamharakishe."

Nilirudi mbio. Bibi alikuwa anapepeta uwele uani.

"Bibi, wewe unamsubiri nani?"

"Mjomba wako. Si ulinisomea mwenyewe?"

Nilichuchumaa, nikachora nyumba nne mchangani na mshale toka kila nyumba kwenda kwa anayengojwa. Nilifuta, nikachora tena. Popote nilipoanzia nilirudi palepale. Kwa kuogopa mmoja asilale nje, nilikuwa nimewafunga wote wanne ndani. Lazima mmoja afungue paa lake akiwa hana kitu mkononi. Nilijua ni nyumba ipi yenye watu wachache, na sikutaka kuitaja.

"Unachora nini?" bibi akauliza.

Nikamweleza, nikifuata mishale kwa kidole.

"Basi anzeni na langu. Nitajibanza kwa mjomba wako."

"Bibi, kifua chako."

"Kifua changu kiko hapa, hakiko juu ya paa." Kisha akaendelea kwa Kinyaturu, lugha yetu anayotumia akishaamua, ndipo nikajua mjadala umekwisha.

Kesho yake tukabomoa. Bibi akabanana na watoto sita, na mimi miguu yangu haikutulia. Asubuhi kwa mzee wa punda, mchana kwa mjane, kila mara nikitazama mawingu. "Huyu binti atatuezeka hata sisi wenyewe," mjane alisema, lakini alihama. Miti ya bibi ikakaa kwa mzee, ya mzee kwa mjane, ya mjane kwa mjomba. Bibi alihamia nyumba mpya ya mjomba pamoja nao, huku anakohoa.

Siku punda walipoleta miti ya mjomba, wingu jeusi lilikuwa limeshajikusanya upande wa Ikungi. Tulipanga miti, tukatandika matawi na nyasi, tukaanza kumwaga udongo na kuushindilia. Mvua ikatukuta tumefunika nusu. Mjomba aliniambia nishuke kutoka paani. Sikushuka. Chini yangu, ndani ya nyumba yake mpya alimokwisha kuingia, nikasikia bibi anakohoa, halafu anagonga mti kwa mwiko.

"Hapa kwangu pakavu. Sogea upande wa mlangoni, huko ndiko kunakovuja."

Nikasogea na karai langu la udongo.