Simba ndani ya bangili ya mwanangu

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche kabisa, maana huku Masasi ukikohoa tu, Newala wanajua kakohoa nani. Mimi mama wa miaka arobaini na kitu, naosha vyombo kwa Bibi wa Kizungu misheni, na mdomo wangu hauna kifuniko, nakiri.

Bibi alikuwa na vijiko vya fedha vya mama yake, vya Uingereza. Nimevisugua kwa majivu mpaka navijua kuliko meno yangu. Mgongoni kila kimoja kina simba mdogo anatembea, mguu mmoja juu, na ubavuni alama ya fundi, kama jembe na mundu. Bibi aliniambia kwao fundi wa fedha lazima apige alama, akidanganya ajulikane. Basi vita vya Majimaji vikaja, Wazungu wakakimbilia pwani, misheni ikachomwa, vijiko vikaenda. Bibi karudi juzijuzi, analilia vijiko, nyumba hata haitaji.

Sasa mwanangu katoka unyagoni. Mjomba wake, kaka yangu tumbo moja, mfua vyuma kule Newala, kamvisha bangili ya fedha. Kwetu bangili ya mjomba haivuliwi mpaka binti aolewe. Nikacheza ngoma mpaka kaniki ikataka kunivuka. Baadaye namnawisha binti mikono, naona kwa ndani: simba. Mguu juu.

Nikaenda kwa kaka, shikamoo, marahaba, nikamchokonoa. Akasema kainunua kwa Mwarabu, Lindi. Wifi naye akaniambia mumewe kayeyusha rupia. Jamani, fedha ikiyeyushwa simba si anakufa? Huyu mzima na mkia wake. Hicho ni kijiko, kimegongwa nyundo kikakunjwa. Na kaka siku zote anasema wakati wa vita alikuwa shambani, analima mtama. Nikamrudia. Akacheka.

"Dada, umezoea kusugua vya watu. Cha mwanao usikisugue sana."

Askari wa Mjerumani bado wanasaka waliokunywa yale maji ya dawa, na ukikutwa na kitu cha misheni unanyongwa, hawaulizi Mwarabu gani. Na Jumapili hii inayokuja Bibi kawaita wanawali wote, awashike mkono mmoja mmoja.

Nikimwambia Bibi, nimemuua kaka yangu. Nikimwambia binti avue, atauliza kwa nini, na mdomo karithi wangu. Hivi ninavyowaambia yuko uani, anaisugua bangili kwa majivu ing'ae. Nilimfundisha mwenyewe.

Nishaurini wenzangu, nifanye nini?