Siku Tulipanda Bahari Riruta

Wacha nitoe aibu kwanza ndio tukae vizuri: mimi nimewahi panda mnyama. Sio kufuga. Kupanda. Nilichimba shimo, nikamsimamisha, nikashindilia udongo na kisigino, na kila jioni nikamwagilia maji nikingoja atoe majani. Na hiyo si aibu yote. Juzi, mtu mzima na kitambi yangu, nimesimama mbele ya wazazi wenzangu kwa shule ya msichana wangu nikawaelezea vile wao pia wanaweza kupanda.

Wewe mwenye tumelingana utanielewa. Enzi zetu Riruta, hapa Nairobi, ilikuwa na udongo. Udongo mwekundu, ule mvua ikinyesha unashika viatu mpaka unafika nyumbani ukiwa mrefu kuliko baba yako. Tulicheza kati, tukacheza brikicho, tukapika kalongolongo ya majani kwa mkebe na tukaonja kabisa, na hakuna mtu aliumwa na tumbo. Mtoto wa siku hizi ukimwambia ashike udongo anakuuliza kwanza sabuni iko wapi. Na hiyo udongo ilikuwa inaotesha kila kitu. Landlord wetu aliweka fensi ya vijiti kavu, mvua ikapiga wiki mbili hivi, fensi ikatoa majani. Mum alikuwa anasema, "Hapa hata ukisahau kijiko kwa shamba, kesho utapata imeota." Sisi tukaamini. Si ni mum amesema?

Sasa, mlango wa pili kwa ploti yetu, zile nyumba za kupanga zimeshikana mstari, kulikuwa na kina Atieno. Atieno tulikuwa darasa moja, yeye ndiye alikuwa mkubwa wangu kwa kila kitu isipokuwa miaka. Baba yake aliendesha lori ya Mombasa, na siku moja akarudi na kitu hatujawahi ona. Ilikuwa ya rangi ya zambarau, bapa kama kipepeo cha kuwashia jiko, na vijitawi vyembamba vimeshikana kama wavu. Mama Atieno aliitundika kwa ukuta karibu na picha ya harusi, juu ya viti zenye vitambaa vya kushonwa na mkono. Tukienda kwake kula mandazi tulikuwa tunaikodolea macho.

"Msiguse," alikuwa anasema. "Hiyo ni ua ya bahari."

Ua ya bahari. Hilo neno ndilo lilituharibu. Bahari yenyewe hatukuwa tumeiona, lakini ua tulijua. Ua ni kitu ya kupanda.

Ikafika Disemba, watu wakapaka nyumba rangi ya Krismasi, ile kitu ikaanguka ikavunjika katikati. Mama Atieno akasikitika kidogo, akatuambia, "Haya, pelekeni kwa shimo ya takataka." Tulifika mpaka sukuma wiki ya mum tukasimama. Atieno akashika kiuno.

"Ua haitupwi, Karis. Inapandwa."

"Lakini imekauka."

"Na fensi ya landlord haikuwa imekauka?"

Nikachimba shimo. Tukapanda. Halafu nikaleta maji ya bomba, akanizuia na mkono kama polisi. "Unataka kuiua? Hii kwao ilikuwa inakunywa chumvi. Leta chumvi!"

Nikaleta chumvi. Kila jioni nikaleta chumvi, nimeificha kwa mfuko wa kaptura, na ndani ya nyumba mum analalamika, "Kwani hapa tunalisha ng'ombe?" Tulikuwa tumepanga kila kitu. Ua ikishika mizizi, maji ya bahari itaibuka yenyewe kutoka chini. Maji ikikuja, samaki watafuata. Atieno atauza samaki, mimi nitafundisha watu kuogelea. Sijui kuogelea mpaka leo. Jioni tulikuwa tunapiga magoti kati ya sukuma tunaombea ua ikue, halafu tunaweka sikio kwa udongo tusikie kama kuna wimbi.

Wimbi haikukuja. Chenye kilikuja ni sukuma kuanza kuwa manjano. Mstari mzima ukalala chini kama umepigwa na kitu. Mum alitoka asubuhi na sufuria ya kuchuma mboga, akasimama, akaona ile kitu ya zambarau imejisimamia katikati ya maiti ya mboga zake.

"Mmepanda nini hapa?"

Atieno, huyo mtoto hakuwa na uoga, akamjibu vizuri tu: "Bahari."

Mum alikaa chini. Alikalia sufuria. "Mungu wangu. Watoto wa wenyewe wanapanda maharagwe. Hawa wanapandia mimi bahari!"

Tulichapwa na slipa wote wawili, juu enzi zetu kibali cha kuchapa kilikuwa cha ploti nzima. Na hapo mahali hapakuota tena kitu. Hata magugu.

Sasa ruka mpaka juzi. Shule mimi niliachia kidato cha pili, na tusianze kuulizana ni nani aliacha mwenzake. Siku hizi natengeneza mabomba huko Satellite. Shiru wangu, mwenye ako gredi ya tano, akileta hesabu nyumbani, mimi huwa nakumbuka ghafla kuna tanki mahali inavuja. Mtoto ameshajua. Siku hizi hata haniulizi, anapita tu na kitabu akienda kwa mama yake. Hiyo kitu imekuwa ikiniuma, hata kama naifanyia mzaha.

Lakini juzi akakuja na kazi ya kutengeneza mfano wa mahali wanyama wanaishi, na yeye alikuwa amepewa matumbawe laini. Akanionyesha picha kwa simu ya mama yake. Ilikuwa ile ile ya zambarau! Ua ya bahari!

"Hiyo najua," nikamwambia. "Hiyo nimewahi panda."

Shiru aliniangalia na macho sijawahi onwa nayo. Tulifanya kazi wikendi nzima. Nikachukua glavu za mpira, nikajaza pamba, nikapaka rangi. Nikazitengenezea mizizi ya waya, safi kabisa. Nikaweka kwa boksi na udongo mwekundu wa kwetu. Samaki wa karatasi tukaning'iniza na uzi.

Siku ya kuonyesha, darasa imejaa wazazi, Shiru akasimama. "Hii ni mmea wa baharini, na baba yangu ni mtaalamu, alikuwa na moja." Tichaa akafurahi, akaniita mbele nieleze. Na mimi nikaeleza. Unakata hapa, unachimba hivi, chumvi usisahau. Kulikuwa na mzazi mmoja ananirekodi.

Tichaa alingoja nimalize, hiyo heshima nampatia. Halafu akasema polepole, "Baba Shiru, matumbawe ni mnyama."

"Mwenye anaishi ndani?"

"Hapana. Yenyewe."

Nikacheka. Nikaona hakuna mtu mwingine amecheka. "Tichaa, mnyama bila mdomo?"

Akatuwekea picha kubwa kwa ukuta, na wallahi nikasogea kuiangalia vizuri. Kila kinundu kwa hivyo vijitawi kilikuwa kimefunguka, kina mikono minane, na katikati mdomo. Midomo mia, midomo elfu, inangoja maji ilete chakula! Ile yetu ilikuwa mifupa imekauka. Nilikuwa nimepiga magoti nikiombea mifupa itoe majani.

Na tichaa hakuwa amemaliza. Samaki wadogo wanajificha hapo wakifukuzwa. Kuna kaa, kuna kamba, kuna konokono anakula mwenye nyumba huku amevaa rangi yake. Kuna farasi wa bahari mdogo kama kucha, amejizungusha mkia kwa tawi, na huwezi kumwona hata ukiwa umemwangalia. Halafu akasema hivyo vinundu vyote vyenye midomo ni ndugu wameungana mwili, na mmoja akishika chakula inafika kwa wengine.

Hiyo ndiyo ilinimaliza. Kumbe ni ploti! Ni ile ploti yetu, Mama Atieno akikaanga mandazi na nyumba zote zinakula. Leo pale kwetu pamesimama gorofa, na mtu anaweza kuhama na kitanda yake, jirani asijue alikuwa anaitwa nani.

Lakini hayo nilifikiria baadaye. Wakati huo nilikuwa namwangalia Shiru. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikajua nimempoteza, kutoka hapo ni tanki na mabomba mpaka amalize shule.

Halafu mtoto akashika glavu moja, akaing'oa kwa udongo na mizizi yake yote. Akatoa pamba. Akaniletea.

"Dadi, ingiza mkono."

Nikaingiza. Nikachezesha vidole kwa hewa kama mtu anaita makanga wa matatu.

"Ni minane," akasema kwa ukali. "Ongeza na huo mwingine."

Nikaongeza vidole vitatu vya mkono wa kushoto, nikafungua mdomo katikati, na Shiru akaanza kunilisha samaki wa karatasi huku akieleza darasa mambo yote tichaa amesema, hakuacha hata moja. Watoto walilia kwa kicheko. Hata yule mzazi wa kurekodi alishindwa kushika simu. Na jioni, Shiru aliniletea hesabu. Sikuijua. Tulikaa nayo tu.

Atieno siku hizi ako mapokezi kwa ofisi moja huko Upper Hill, sauti imekuwa laini ya kupokea wageni. Nilimpigia nikamwambia yote.

"Mnyama?" akasema. "Karis, mnyama? Na vile tulimfukia tukasimama juu?"

"Tukamwekea chumvi."

Alicheka ile kicheko yake ya zamani, ya ploti, mpaka nikasikia mtu anamuuliza kama ako sawa. Halafu akashusha sauti.

"Usiambie mtu. Lakini mimi nikipita pale kwa hiyo gorofa, bado huwa naangalia chini, labda maji imetoka."